Boriti ndiyo kipimo cha nyumba zetu

Mhariri,

Nyumba moja ya kale hapa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, inakarabatiwa. Nje haikuguswa: mlango wa nakshi upo, daka, ukumbi wa mlangoni, na baraza zake zipo, ukuta umepakwa chokaa safi. Ndani, kuta zilizotenga misana, vyumba virefu vya ndani, zimebomolewa, vyuma vimepitishwa na zege likamwagwa juu, ili wenyewe wapate sebule moja kubwa. Wapita njia wanasifu kwamba nyumba sasa imefunguka. Mimi naona imeharibiwa, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Anayeingia nyumba ya mawe ya Lamu aangalie juu kwanza. Dari imebebwa na boriti za mkoko zilizolazwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, kwa nafasi zinazolingana. Boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikavuka zaidi ya mita mbili na nusu, au karibu tatu. Basi upana wa kila chumba uliamuliwa na mti. Fundi alikuwa huru katika urefu tu, akaunyoosha hata ukafika mara mbili au tatu ya upana. Ndipo tukapata vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: unatoka daka unaingia tekani, ukumbi wa nyuma ya mlango, unakatiza kiwanda, yaani ua, msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), hadi ndani, chumba cha mwisho. Upana ni ule ule, sakafu inapanda kidogo kila unapovuka mlango, na mwanga unapungua kadiri unavyosonga. Mgeni asiyejua lolote kuhusu ujenzi huupata mpango huo kwa miguu yake: anapanda, anapita, anapanda tena.

Mwisho wa mwendo huo upo ukuta wa zidaka, vishubaka vya mapambo, safu juu ya safu, chokaa iliyochongwa kwa kisu na subira. Aliyesimama ndani hana pa kurudi nyuma zaidi ya urefu wa boriti moja. Kwa jicho langu, zidaka zilipimwa kwa mtazamaji huyo aliye karibu, anayeona kila pindo la nakshi na bado akauona ukuta mzima kwa kuinua uso tu. Ondoa kuta za mbele umsimamishe mita tisa mbali: zidaka zile zile zinageuka vitundu. Hakuna aliyezigusa, lakini zimeharibika.

Kipimo hiki kilivuka bahari. Majahazi yalipakia boriti kwa korija, mafungu ya ishirini ishirini, kutoka visiwa vyetu na delta ya Rufiji, yakazishusha Oman, Bahrain na Kuwait, ambako miti ya kujengea ni haba. Nyumba za zamani za huko zina vyumba vyembamba kama vyetu, kwa sababu ile ile. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982 ili kuinusuru mikoko, na katika hilo sina ugomvi.

Nataka zaidi kusema juu ya kilicholala juu ya boriti, kwa kuwa sisikii kikitajwa. Mawe ya matumbawe yalipangwa, chokaa iliyochanganywa na kokoto ikamwagwa, kisha sakafu ikapigwa. Kupiga sakafu kulikuwa kazi ya siku nyingi na ya watu wengi. Walijipanga, kila mmoja na mti wake, wakapiga kwa pamoja huku wakiimba. Wimbo ulisahaulisha uchovu, ndiyo, ila ulikuwa pia chombo cha kazi. Chokaa isiposhindiliwa sawasawa hubaki na mahali palegevu, na mvua ikapajua. Mapigo ya nguvu moja, kwa nafasi moja, ndiyo yaliyoifunga. Kwa hiyo juu ya vichwa vyetu pana vipimo viwili vilivyokutana: boriti zilizopangwa kwa jicho, na sakafu iliyopangwa kwa sauti. Wengi wa waliopiga sakafu za zamani walikuwa watumwa. Hilo lisifichwe tunapoisifu kazi, na kwangu ni sababu kubwa zaidi ya kutoivunja kwa ajili ya sebule.

Najua nitakavyojibiwa. Boriti huliwa na mchwa, familia zinakua, na anayeishi nyumba ya kale ana haki ya umeme, maji na choo kizuri kama mtu mwingine yeyote. Nakubali yote. Boriti iliyooza hubadilishwa moja moja. Mabomba na nyaya havidai ukuta ubomolewe. Na hivyo vyuma vinavyosifiwa, karibu na bahari hupata kutu, vikafura, vikapasua zege lenyewe. Saruji nayo, ikipakwa juu ya matumbawe, hufungia unyevu ambao chokaa ingeuacha utoke.

Mji wetu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo nasikia mno habari za milango, kidogo sana habari za vyumba. Ombi langu kwa wanaotoa vibali ni kwamba hakuna ukuta wa ndani uguswe kabla vipimo vya kila chumba na idadi ya boriti zake havijaandikwa na kuhifadhiwa. Wachoraji ramani wanaotumwa huku waanzie kwenye nyumba ya makumbusho ya Waswahili, ile ya karne ya 18 iliyo hapa mjini, waipite taratibu kutoka tekani hadi ndani kabla ya kuchora mstari wowote.

Na kama yupo msomaji wa Lamu, Pate, Mombasa au Unguja aliyeachiwa na wazee wake wimbo wa kupiga sakafu, nakuomba, Mhariri, umpe nafasi auchapishe hapa, na atueleze mti ulishuka kwenye silabi ipi.

Mkaazi wa Mkomani,
Lamu