Salamu za Pasaka: Swali la Isaka

Ndugu wapendwa katika Kristo,

Nawasalimu kwa furaha ya sikukuu iliyo kuu kuliko zote: Kristo amefufuka, Aleluya! Tangu Jumatano ya Majivu neno hilo halikusikika katika ibada zetu, na usiku wa kuamkia leo, mshumaa mpya wa Pasaka ukiwaka, tumeliimba tena.

Masomo ya Agano la Kale katika Mkesha ni saba, kuanzia uumbaji hadi ahadi ya moyo mpya katika Ezekieli. Liturujia inaruhusu yapunguzwe, ingawa lile la kuvuka Bahari ya Shamu haliachwi kamwe. Sababu ninazielewa, kwa maana watoto husinzia mabegani na wazee wana safari ndefu ya kurudi nyumbani. Hata hivyo tunapopunguza mno tunajinyima, kwa kuwa huu ndio usiku ambao Biblia husimuliwa kama kisa kimoja.

Mwaka huu moyo wangu ulibaki kwenye somo la pili. Isaka, akiwa amejitwika kuni za kuteketezwa kwake mwenyewe, anamwuliza baba yake: moto upo, na kuni zipo, lakini yuko wapi mwanakondoo? Ibrahimu anajibu kwamba Mungu atajipatia. Tumezoea kuona kwamba jibu lilipatikana pale pale kichakani, lakini Maandiko yanasema aliyenaswa kwa pembe zake alikuwa kondoo dume. Mwanakondoo hakuonekana siku ile katika nchi ya Moria, na mimi naamini kwamba swali la kijana yule linaendelea kuulizwa katika kurasa zote zinazofuata.

Alhamisi Kuu tulisoma habari za Misri, za mwanakondoo asiye na ila ambaye damu yake ilipakwa kwenye miimo ya milango, na ambaye hakupaswa kuvunjwa mfupa hata mmoja. Ijumaa Kuu Isaya alitutajia mtumishi apelekwaye machinjoni kama mwanakondoo, asifunue kinywa chake. Hekalu likabomolewa, watu wakahamishwa Babeli, wakarudi na kujenga upya, na sadaka za asubuhi na jioni zikaendelea, hadi Yohana Mbatizaji alipomwona Yesu akija, ng'ambo ya Yordani, akasema: Tazama, Mwanakondoo wa Mungu! Kila ninapoyasikia maneno hayo kabla ya Komunyo, namwona Isaka akijibiwa.

Isaka alifunguliwa kamba, akaishi. Yesu, aliyejitwika msalaba wake kama yule alivyojitwika kuni, hakufunguliwa. Mungu aliyeuzuia mkono wa Ibrahimu hakumwachilia Mwana wake mwenyewe. Askari walipofika Kalvari kuvunja miguu ya waliosulubiwa, walimkuta amekwisha kufa, na hakuna mfupa wake uliovunjwa. Siku ya tatu kaburi likawa wazi. Ndiyo maana Ufunuo unatuonyesha Mwanakondoo aliyechinjwa, naye amesimama, na mji usiohitaji jua wala mwezi kwa sababu yeye ndiye taa yake.

Nawatakia Pasaka njema nyote: ninyi mliobatizwa usiku huu, ninyi mliokuwa zamu hospitalini na malangoni wakati sisi tukikesha, nanyi ambao mwaka huu kuna kaburi jipya nyumbani kwenu. Amefufuka kweli kweli, Aleluya.