Kuhusu ile jojoba unayotaka kupanda

Mambo rafiki yangu,

Meseji yako nimeisoma yote na nimefurahi kweli kwamba umeamua kulima, ila kabla hujalipia hizo mbegu naomba unisikilize kwanza maana sitaki uje uumie.

Jojoba, ule mmea wa jangwani ambao mbegu zake zinakamuliwa mafuta, ina dume na jike, kila mti na jinsia yake, na anayebeba chavua ni upepo. Anayezaa ni jike tu. Ukipanda mbegu, karibu nusu zitatoka madume na hutajua ipi ni ipi mpaka zitoe maua, hapo ushamwagilia na kupalilia miaka mitatu hivi au zaidi. Ukifika hapo angalia vizuri, dume linatoa vishada vya njano, jike ua lake ni la kijani, halina petali na limeinama, ni rahisi kulipita. Halafu ndo unaanza kung'oa madume unabakiza kama moja kwa kumi, shamba lote mapengo. Kwa hiyo tafuta miche iliyooteshwa kutoka matawi ya majike yanayojulikana kuzaa sana, ni ghali lakini unajua unachopanda.

Wamarekani yaliwakuta haya haya. Mafuta ya nyangumi yalipopigwa marufuku kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakakimbilia jojoba maana mafuta yake yanafanya kazi ileile, na ni mmea wa jangwa la kwao la Sonora. Wawekezaji wakamwaga hela Arizona na California, mbegu nyingi zilikuwa za porini, mavuno yakawa madogo, baridi nayo ikaunguza maua, wengi wakaacha. Kule Negev, Israel, walichagua mimea bora, wakaizalisha kwa matawi, wakaweka maji ya matone, na mpaka leo wanavuna.

Soko lipo, hilo usiwe na wasi. Hayo mafuta ya jojoba kwa kweli ni nta ya majimaji, karibu nusu ya uzito wa mbegu, na haichachi upesi ndo maana watu wa vipodozi wanaitaka. Mashudu yake lakini usiwape mifugo hivihivi, yana sumu inayowaondolea hamu ya kula.

Kingine, maji yakituama mizizi inaoza. Chimba shimo pale shambani, lijaze maji, uniambie yamechukua muda gani kuisha, tukishajua hilo ndo tuongee habari ya miche.