Tathmini ya kichocho ishuke hadi mwaloni

Mhariri,

Mwongozo wa kutathmini programu za afya ya jamii uliotolewa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, mwaka 1999 ulianza na hatua ya kuwashirikisha wahusika, nami naomba watakaohuisha miongozo yetu ya tathmini waanzie hapohapo. Huku kwetu tathmini ya kichocho huhesabu zaidi vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, vilivyomezwa shuleni, ilhali mtoto aliyevimeza asubuhi, jioni yumo ziwani hadi kiunoni akimsaidia mama yake kuosha dagaa, na mama mwenyewe hakupewa dawa wala kuulizwa neno. Maoni yakikusanywa kwa barua pepe pekee, huyo hatasikika. Wakusanyaji wa maoni waje mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi. Saa nne ni kuchelewa, dagaa hawasubiri.

Msomaji wenu,
Igombe, Mwanza