Mbona Dubai Ni Bei Chee?

Swali hili linatufikia kila wiki sisi tunaoagizia watu magari kutoka nje, na siku hizi linakuja na ushahidi: skrinishoti. Land Cruiser mpya, bei kwa dirhamu, mteja keshaigeuza kuwa shilingi kwenye simu, na chini yake kaandika, "Bosi, mnatupiga." Wa mwisho aliitupa kwenye grupu la WhatsApp lenye wateja wetu wengine, kila mtu akaja na yake. Nimeona niandike mara moja, kila atakayeuliza nimtumie hii.

Bei ile ya Dubai ni ya kweli, hatubishi. Ila ni bei ya mtu anayeishi Dubai. Falme za Kiarabu zinatoza ushuru wa forodha asilimia 5, na VAT asilimia 5, ambayo yenyewe ilianza mwaka 2018 tu. Chukua gari ambalo CIF yake, yaani gari pamoja na bima na nauli ya meli, ni dola 10,000. Pale serikali inabaki na kama dola 1,025, basi.

Lete gari hilohilo Dar, injini ya zaidi ya cc 2000. Ushuru wa forodha asilimia 25: dola 2,500. Ushuru wa bidhaa asilimia 10, na hapa ndipo watu wanapopotea, haupigwi kwenye 10,000, unapigwa kwenye 12,500: dola 1,250. VAT asilimia 18 nayo inapanda juu ya vyote hivyo: dola 2,475. Jumla dola 6,225, na bado sijagusa tozo ya reli, ada za forodha, bandari na usajili. Watu huchukua asilimia zile tatu, wakazijumlisha, wakapata 53, wakaja ofisini wamekunja uso. Kodi inakaa juu ya kodi. Ndivyo sheria ilivyo, sisi hatukuitunga.

Na kabla hujaona Tanzania tunaonewa, waulize Wakenya. Kwao forodha ni asilimia 35, ushuru wa bidhaa kwa injini kubwa asilimia 35 nyingine, kisha VAT 16. Kwa dola 10,000 zilezile, kodi inapita dola 11,000. Yaani unanunua gari moja, la pili unaipa serikali.

Sasa, wengi wakishaelewa kodi wanadhani wamemaliza: kwamba kiwandani kuna bei moja dunia nzima, halafu kila nchi inaongeza yake. Hapana. Mwenye kiwanda anaangalia mfuko wa mnunuzi. Denmark kwa miaka mingi ilikuwa na kodi ya usajili inayofika asilimia 180. Viwanda vilijua Mdenmark hawezi kubeba bei ya kawaida halafu kodi ile juu yake, kwa hiyo vikashusha bei kabla ya kodi. Ripoti za Tume ya Ulaya zilikuwa zinaonyesha Denmark miongoni mwa nchi zenye bei ndogo kabla ya kodi, huku mnunuzi wake akiumia kuliko karibu Wazungu wote.

Italia nayo. Lira iliposhuka miaka ya 1990, magari ya Kijerumani yakawa rahisi Italia kuliko Ujerumani yanakotengenezwa. Wajerumani na Waaustria wakawa wanashuka kwenda kununua kule. Volkswagen ikawabana mawakala wake wa Italia wasiwauzie wageni, na Januari 1998 Tume ya Ulaya ikaipiga faini ya ECU (sarafu iliyotangulia euro) milioni 102, ambayo baadaye mahakama iliipunguza hadi milioni 90. Kwa hiyo ukiona bei inatofautiana kati ya nchi mbili jirani, usifikiri ni dalali wa Dar tu anayejua kucheza na bei.

Singapore ndiyo inachanganya wateja zaidi. "Si mnasema gari ni ghali Singapore, mbona used zake chee?" Kule kabla ya gari unanunua kibali cha kumiliki gari, kinadumu miaka 10, na kinapigwa mnada. Oktoba 2023 kibali cha magari makubwa kilifika dola za Singapore 150,001. Kibali tu, gari bado! Ukiliondoa gari barabarani kabla ya miaka 10, serikali inakurudishia sehemu ya ulicholipa, kwa hiyo watu wanayatoa yakiwa bado mazuri. Mwenye gari keshapata chake serikalini. Anayelisafirisha nje ananunua bodi na injini tu.

Japani nako, tofauti kubwa ni yen. Mwishoni mwa 2011 dola moja ilikuwa haifiki yen 80. Julai 2024 ilifika 160. Gari halijabadilika, ila mwenye dola ananunua kwa nusu. Shida ni kwamba wewe una shilingi, na shilingi nayo ilikuwa inateremka mwaka ule. Ndiyo maana proforma yetu, yaani hati ya makadirio ya gharama, ina muda wa mwisho. Mzee mmoja alikaa nayo wiki kadhaa akisubiri "dola ishuke", akarudi imepanda, akakasirika kana kwamba ofisi yetu ndiyo Benki Kuu.

Gari lenyewe pia si lilelile, hata jina likifanana. Land Cruiser ya Ghuba imetengenezwa kwa joto la kule, na usukani uko kushoto. Kenya hawakusajilii usukani wa kushoto, isipokuwa magari maalumu kama ambulensi. Dizeli mpya ya Ulaya ina mifumo ya moshi inayotaka mafuta safi sana. Uliza kwanza fundi wako anaiweza au ataishia kukwambia "tuukate huu mfumo".

Haya, nije kwenye njia za mkato, maana ndizo zinazotukera.

Ya kwanza ni kushusha invoisi. "Andika dola 3,000, nani atajua?" TRA, mamlaka ya mapato, atajua. Ana thamani zake kwenye mfumo, na kikokotoo kiko wazi mtandaoni. Ukiandika chini ya thamani yake, anatumia ya kwake. Kijana mmoja alitukimbia kwa sababu tulikataa, akampa kazi kishoka, wakala asiye rasmi. Invoisi ikasema kitu, TT ya benki, yaani hati ya pesa alizotuma, ikasema kingine. Wakati wanabishana, siku za bure bandarini ziliisha, storeji ikaanza kuhesabika kwa dola kila siku. Alilipa kodi yote, akalipa storeji, kishoka hapokei simu. Na alipona: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inataja hadi miaka 3 jela au faini hadi dola 10,000 kwa nyaraka za uongo.

Ya pili ni namba za Zanzibar. Gari ni rahisi kweli, mpaka ulilete Bara. Likihamia huku linadaiwa tofauti ya kodi. Dada mmoja alinunua, akaendesha mjini kwa amani mpaka siku ya kuuza. Mnunuzi alipoangalia kadi, ile tofauti yote ikakatwa kwenye bei yake.

Kununua gari la Kenya na kulivusha Namanga, mpakani, ni hadithi hiyohiyo. Kodi aliyolipa Mkenya haivuki mpaka pamoja na gari. Kibali cha muda si usajili.

Ya tatu inatoka kwa ndugu zetu wa ughaibuni, na hii inaniuma kidogo kwa sababu wengi wana nia njema. Anayerudi nyumbani kuishi anaweza kusamehewa kodi ya gari moja, lakini awe amelimiliki na kulitumia huko kwa miezi isiyopungua 12. Kaka mmoja wa Uingereza alinunua gari jipya, akalikalia miezi michache, akalipakia. Meli yenyewe ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, muda na nauli vyote vikarefuka. Gari likafika, msamaha hakuna. Laiti angetupigia kabla ya kulipa.

Ya nne, inayokula watu wengi kuliko zote: kukimbilia gari kuukuu. Gari la cc 1800, CIF dola 5,000. Likiwa chini ya miaka 8, kodi zile tatu ni kama dola 2,750. Likiwa na miaka 10 au zaidi, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 unaingia, VAT inaupanda juu, na unafika karibu dola 4,950. Wanaohesabu miaka kuanzia tarehe ya usajili wanakosea hapa. Inahesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa.

Ada yetu? Iko kwenye proforma kwa mstari wake, na kwa kawaida ni miongoni mwa mistari midogo. Tunachokifanya kwa hela hiyo ni kusoma karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari, kulinganisha chesisi na nyaraka, na kukwambia kodi kabla hujatuma senti Japani. Kuna wanaotoza chini yetu. Wengine ni wazuri. Wengine bei yao inakua gari likishashuka melini, wakati huna pa kwenda.

Ukitaka tukupigie hesabu, tuma chesisi namba, mwaka wa kutengenezwa, cc na aina ya mafuta. Skrinishoti ya bei peke yake haitusaidii. Na invoisi iliyoshushwa hatupokei, hata kwa mteja wa zamani.