Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya Kuhusu Watoto Wenye Saistiki Faibrosisi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mama wa mtoto wa miaka saba aliyezaliwa na saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi ambao hata baadhi ya wahudumu wa afya huniomba nilitaje jina lake mara mbili kabla ya kuliandika. Najua mezani pako yapo magonjwa yenye wagonjwa wengi zaidi, na siombi tushindanishwe nao. Ninachoomba ni kwamba, wakati dawa mpya zinaendelea kujadiliwa, watoto hawa wasikose vitu vya kawaida vilivyojulikana kwa miongo mingi, hasa kapsuli za vimeng'enya vya kongosho, yaani viini vinavyosaga chakula tumboni.

Kwa miezi kumi na minne ya mwanzo mwanangu alikula kuliko watoto wa rika lake, na bado mstari wa uzito kwenye kadi yake ulizidi kuteremka. Choo chake kilikuwa kingi, chenye mafuta na harufu kali, na kikohozi hakikumwacha. Katika kituo cha kwanza niliambiwa kuwa simlishi. Katika cha pili alianzishiwa dawa za kifua kikuu, ugonjwa ambao hakuwa nao. Mhudumu mmoja aliniuliza mbele ya wazazi wenzangu chakula ninachodai kumpa mtoto kinakwenda wapi. Lilikuwa swali zuri, ingawa aliliuliza kwa kejeli, kwa maana chakula kilikuwa kinapita tumboni bila kusagwa kwa sababu ute mzito ulikuwa umeziba mirija ya kongosho, kama inavyowatokea wagonjwa wapatao 85 hadi 90 katika kila 100.

Chanzo chake ni kasoro katika jeni ya CFTR, iliyoko kwenye kromosomu ya 7 na iliyogunduliwa mwaka 1989. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini inayopitisha kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, kwenye kuta za seli, na protini hiyo ikikosekana au ikiharibika, ute wa mapafu na wa kongosho hukosa maji ukawa mzito na wa kunata, huku jasho likitoka na chumvi nyingi kupita kiasi. Kipimo cha jasho kinachotumika hadi leo kilielezwa mwaka 1959, nacho hakihitaji hata kutoa damu: kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, daktari ana sababu nzito ya kuutambua ugonjwa. Kama kipimo hicho kingekuwepo katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nasi, mwanangu asingemeza dawa zisizo zake.

Baada ya ugonjwa kutambuliwa, tulishauriwa tumpunguzie mafuta ili asiharishe. Ushauri huo ulikwisha kupitwa na wakati. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Toronto na wa Boston, ukaonyesha kuwa wale wa Toronto, ambao hawakunyimwa mafuta bali walipewa vimeng'enya vya kutosha, walikua vizuri zaidi na kuishi muda mrefu zaidi. Mtoto mwenye ugonjwa huu huhitaji nishati nyingi kuliko wenzake, chumvi ya ziada hasa wakati wa joto, pamoja na vitamini A, D, E na K ambazo mwili hauzifyonzi bila mafuta. Hayo yote hayafai kitu iwapo kapsuli hazipo, kwa sababu ni lazima azimeze anapoanza kila mlo wenye mafuta, kila siku, maisha yake yote. Kapsuli zikiisha kwa wiki mbili, uzito wa miezi kadhaa hupotea, na mtoto aliyekonda hushindwa haraka na maambukizi ya kifua.

Kuhusu dawa mpya, nitasema kwa tahadhari. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha ivakafta, dawa ya kwanza kurekebisha utendaji wa protini yenyewe, na mwaka 2019 ukafuata mchanganyiko wa eleksakafta, tezakafta na ivakafta, ambao umewapunguzia wagonjwa wengi makohozi na kulazwa hospitalini. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya ugonjwa huu katika orodha yake ya dawa muhimu, hatua inayokupa msingi wa kujadiliana bei na watengenezaji. Hata hivyo zipo zaidi ya aina 2,000 za mabadiliko ya jeni hii, na baadhi, ikiwemo ile inayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, hazitoi protini ambayo dawa hizi zingeweza kuirekebisha. Vipimo vingi vya jeni navyo viliundwa kwa kufuata mabadiliko ya wagonjwa wa Ulaya. Kwa watoto hao, vimeng'enya, mvuke wa maji ya chumvi, antibayotiki na fiziotherapia ya kifua ndiyo matibabu yenyewe.

Liko pia jambo lisilohitaji fedha nyingi. Wagonjwa wetu hawatakiwi kukaa karibu karibu, kwani huambukizana bakteria kama Pseudomonas na Burkholderia, ambazo zikishazoea mapafu haziondoki kirahisi. Ndiyo maana sisi wazazi hufarijiana kwa simu, na watoto wetu hawajawahi kucheza pamoja. Lakini siku ya kliniki huwekwa wote kwenye benchi moja kwa saa tatu. Waraka mmoja kutoka ofisini kwako, unaoagiza kila mgonjwa apewe saa yake na chumba chake, ungetosha kulimaliza hilo.

Nakuomba basi kipimo cha jasho kiwepo katika hospitali za rufaa, vimeng'enya viagizwe kabla havijaisha wala si baada ya kuisha, na wazazi wapewe nafasi katika kamati inayopanga manunuzi hayo. Mwanangu hutumia kapsuli 4 kwa kila mlo na 2 kwa kila kitafunio, yaani 16 kwa siku. Leo asubuhi nimezihesabu zilizobaki ndani ya chupa, nazo ni 64. Dirisha la dawa limeniambia nirudi baada ya wiki tatu.

Wako kwa heshima,
Mama wa mtoto mwenye saistiki faibrosisi