Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Wasaidizi Wenza

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, mwenyekiti anatakiwa kuwapa wanachama taarifa ya kazi za mwaka kabla ya mkutano mkuu, nami natimiza wajibu huo. Vikao vya kamati, uandikishaji wa wanachama wapya na marekebisho ya chumba cha mikutano nitavipita haraka: kumbukumbu zimeshasambazwa, na katibu yupo kwa mwenye swali. Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Nafasi niliyopewa nataka niitumie kwa kazi iliyotukutanisha, yaani mtu aliyewahi kuugua akili na kupata nafuu kukaa na mwenzake ambaye bado yumo katikati ya ugonjwa.

Jambo lililotushughulisha kuliko yote, na lililozua mabishano ya kutosha, ni maelekezo ya kamati kwamba wasaidizi wenza wapunguze kusimulia habari zao. Wapo waliouliza, "Sasa kama si habari yangu, mimi hapa nina nini cha kumpa mtu?" Swali ni la haki na linastahili jibu refu.

Aliyewahi kuvunjika mguu hawi mganga wa mifupa kwa sababu hiyo. Kuugua kunampa mtu malighafi tu. Namna ya kuitumia hufundishwa na hufanyiwa mazoezi. Wanachama waliohudhuria mafunzo ya mwaka huu wanalikumbuka zoezi moja. Mwanachama mmoja alijifanya mgonjwa aliyeruhusiwa juzi kutoka hospitalini, akasema: "Silali. Nikifumba macho naona nitakufa." Mwenzake, kwa nia njema kabisa, akaanza: pole sana, hata mimi sikulala, nikapelekwa hospitali, dawa ya kwanza ikanikataa, nikabadilishiwa, mke wangu akachoka akaenda kwao. Aliposita kuvuta pumzi, yule "mgonjwa" akamwuliza kwa huruma, "Ikawaje, mkeo alirudi?" Ukumbi mzima ulicheka, lakini kila mtu aliona kilichotokea. Aliyekuja na usiku wake wa kutisha sasa alikuwa anamfariji aliyekuja kumsaidia.

Wakarudia. Safari hii msaidizi alisema, "Hata mimi niliwahi kuuogopa usiku. Kwako unaanzaje?" Akanyamaza. Ukimya ulidumu hadi baadhi yetu tukaanza kujikohoza. Kisha yule mwingine akaanza kueleza taa ya korido iliyokuwa ikiingia chini ya mlango, na nyayo za wauguzi wa zamu ya usiku, na jinsi masikio yake yanavyoendelea kuzisubiri nyayo hizo hata sasa akiwa nyumbani. Hayo hakuyapanga, yalimtoka. Ndicho tunachoomba: sentensi moja ya kumjulisha mtu kwamba hayuko peke yake, kisha swali, kisha subira.

Kupunguza kusimulia hakumaanishi kuficha. Anayejua wiki ya kwanza baada ya kutoka wodini ilivyo, anajua mambo ambayo hayamo katika faili. Anajua nyumba iliyojaa watu wanaonong'ona. Anajua visu vilivyohamishwa jikoni na hakuna anayesema nani kavihamisha. Anajua dawa zinazomlaza mtu hadi saa sita mchana, na ndugu wanaomwita mvivu. Anajua kwamba swali la "umeamkaje?" mara nyingi linaulizwa na macho yaliyokwenda moja kwa moja kwenye pakiti ya vidonge. Ujuzi huo unaonekana katika maswali anayouliza na yale anayoamua kutouliza. Kuna faida nyingine isiyohitaji maneno kabisa: mgonjwa anamwona mtu aliyewahi kulala kwenye vitanda vile vile, leo ameingia kwa mlango wa mbele na ataondoka saa anayotaka.

Simulizi ndefu ina hatari nyingine. Ukimweleza mtu kwamba wewe ulisimama ndani ya mwaka mmoja, na yeye huu ni wa kumi, umempa kipimo cha kujihukumia. Ndiyo maana tunapendelea msaidizi aeleze jambo dogo lililomsaidia siku mbaya kuliko kueleza ushindi wake wote. Kupona, kwa wengi wetu, hakukuwa kutoweka kwa dalili zote. Kuna wanachama hapa wanaosikia hadi leo sauti ambazo wengine hawazisikii na wanafanya kazi, wanalea, wanalipa madeni yao. Marius Romme, daktari wa magonjwa ya akili wa Uholanzi, aliposhirikiana na wagonjwa na mwanahabari Sandra Escher mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuta watu wengi wanaosikia sauti ambao wamejifunza kuishi nazo, na kutokana na kazi hiyo vikazaliwa vikundi vya wanaosikia sauti katika nchi nyingi. Vikundi hivyo havimlazimishi mtu kukubali maelezo ya aina moja kuhusu sauti zake. Nadhani hilo ni jambo la kuiga hata kwetu.

Kuhusu dawa sina lugha laini. Msaidizi aliyeacha dawa na mambo yakamwendea vizuri haruhusiwi kumwambia mgonjwa afanye hivyo, na aliyeokolewa na dawa haruhusiwi kuwa mpiga debe wake. Kuacha ghafla dawa za sonona kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi mkali. Kuacha ghafla lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, kunaweza kumrudisha mtu haraka kwenye wazimu wa furaha, yaani msisimko uliopita mipaka. Wala sisi si askari wa vidonge. Mtu anaulizwa "umemeza?" na kila anayepita. Tunachoweza kufanya ni kukaa naye na karatasi, tuandike maswali atakayoingia nayo kwa daktari: hii inaninenepesha, kuna nyingine? Nikitaka kupunguza, tunapunguzaje, na kwa muda gani? Wagonjwa wengi wakifika mbele ya meza ya daktari maswali huwakimbia. Karatasi mfukoni ni msaada mkubwa kuliko hotuba.

Siri nayo ina mpaka, na mpaka huo husemwa siku ya kwanza, mtu akiwa bado hajatueleza chochote. Anayoyasema yanabaki kwetu, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Katika mafunzo tumerudia sana kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humwondolea upweke wa kulibeba. Jibu likiwa ndiyo, msaidizi hakai nalo hadi kesho. Anamwambia mhusika kwamba atamhusisha mtu mwingine, na anamhusisha saa hiyo hiyo.

Naja kwenye manung'uniko. Katika kituo kimoja tunachoshirikiana nacho, wasaidizi wetu walianza kupewa kazi za ziada: kuwaangalia wagonjwa wauguzi wakienda kula, kubeba mafaili, na mwishowe kuwabembeleza wagonjwa wakubali sindano. Mbili za kwanza ni kero. Ya tatu inaua kazi yetu. Aliyekushawishi leo uchomwe sindano, kesho huwezi kumweleza kwamba unaiogopa. Tulizungumza na uongozi wa kituo, wakatuelewa, na tangu hapo hakuna msaidizi anayeanza kazi popote bila makubaliano ya ukurasa mmoja yanayotaja anachofanya na asichofanya. Niwe mkweli: wauguzi wenyewe ni wachache na wamechoka, na shida haikutokana na ubaya wa mtu.

Wapo wanaodhani haya ni mambo mapya ya wafadhili. Si mapya hata kidogo. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre jijini Paris, msimamizi Jean-Baptiste Pussin alipendelea kuajiri wahudumu kutoka miongoni mwa wagonjwa waliopona, akiwaona wapole na wenye utu zaidi, na daktari Philippe Pinel aliusifu utaratibu huo. Mwaka 1935 walevi wawili nchini Marekani waligundua kwamba kukaa na mlevi mwenzako kunakusaidia wewe mwenyewe usinywe, na hapo ukaanza Alcoholics Anonymous, mtandao wa vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataja katika ibara ya 26 msaada wa watu wenye hali inayofanana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu huduma za afya ya akili katika jamii, liliupa msaada wa namna hii nafasi yake kamili. Na utafiti wa kimataifa uitwao UPSIDES umeupeleka msaada huu katika miji isiyofanana kabisa: Ulm na Hamburg za Ujerumani, Kampala, Dar es Salaam, Be'er Sheva ya Israeli na Pune ya India.

Je, msaada huu unafaa? Tunaulizwa hivyo na kila anayeombwa fedha, na nawaomba wanachama wasijibu kwa kutia chumvi. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 11 yenye watu 2,796, na kwa sehemu kubwa matokeo ya wagonjwa waliohudumiwa na watu waliowahi kuugua hayakupishana na ya waliohudumiwa na wataalamu katika kazi zinazofanana. Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lenye watu 441 waliokuwa wametoka kuhudumiwa na timu za dharura za afya ya akili. Wote walipata kitabu cha kupangia namna ya kujitunza. Nusu walitumiwa kwa posta tu; nusu nyingine walikijaza wakiwa na msaidizi aliyepitia hali kama yao, kwa hadi vikao kumi. Ndani ya mwaka, waliorudi kwenye huduma za dharura walikuwa asilimia 29 kwa waliokuwa na msaidizi, na asilimia 38 kwa waliopata kitabu peke yake. Jaribio jingine la Uingereza, la mwaka 2022, lililowahusu watu wanaotoka wodini, halikuonyesha kwamba msaidizi hupunguza kurudi wodini kwa jumla.

Mimi nasoma hivi: msaada wetu si muujiza, na kurudi wodini si kipimo pekee cha maisha ya mtu. Jaribio lililofaulu lilikuwa na kazi mahususi ya kufanya pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Wengi wetu tunapenda mazungumzo ya wazi yasiyo na ratiba, nami ni mmoja wao, lakini kamati imeamua tutengeneze kitabu chetu kifupi cha mpango binafsi: dalili zangu za mwanzo ni zipi, nani nimpigie, nani asipigiwe, nini hunituliza.

Sasa hali ya wasaidizi wenyewe. Mtu anayesikiliza kila wiki hofu zinazofanana na zake anaguswa mahali palipokuwa jeraha. Marekani, jimbo la Georgia lilikuwa la kwanza kulipia kazi hii kupitia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2007 serikali kuu ilipoyaandikia majimbo ilitaka mambo matatu: mafunzo yenye cheti, usimamizi, na huduma hiyo kuratibiwa ndani ya mpango wa matibabu wa mgonjwa. Usimamizi ndio tunaouchezea. Vikao vya kutua mzigo, ambamo wasaidizi hueleza yanayowaelemea, vimefanyika, ila mahudhurio yanapungua kila kazi inapozidi, yaani pale hasa vinapohitajika. Wapo waliougua tena mwaka huu. Msimamo wa kamati ni kwamba kuugua tena si utovu wa nidhamu: msaidizi anapumzika, nafasi yake haigawiwi, na anarudi akiwa tayari. Majina yao hayatatajwa mkutanoni, na naomba hata kwenye korido tusinong'one. Sisi tunajua kunong'onwa kulivyo.

Jambo la mwisho ni picha na hafla. Kila mwaka tunaletewa maombi ya "mtu mmoja wa kutoa ushuhuda", kwa kawaida dakika tano kabla ya chakula. Kuanzia sasa hatumtoi mtu bila maandalizi. Msimuliaji mwenyewe ndiye anayeamua aishie wapi, na akibadili mawazo asubuhi ya hafla hakuna wa kumlaumu. Picha iliyokwisha kwenda mtandaoni hairudi, kwa hiyo kabla ya kukubali afikirie mwajiri atakayeiona na mtoto atakayeisoma akikua. Nauli na muda wake vilipwe kama vya mzungumzaji mwingine yeyote. Mtaalamu aliyekaa naye meza moja halipwi kwa makofi.

Katika mkutano mkuu tutaombwa kupiga kura juu ya mapendekezo matatu: kwamba posho ya wasaidizi iingizwe kwenye bajeti kama matumizi ya lazima badala ya kutegemea kinachobaki, kwamba asiyehudhuria vikao viwili mfululizo vya kutua mzigo asimamishiwe ratiba hadi ahudhurie, na kwamba nusu ya viti vya kamati vishikwe na wanachama waliowahi kutumia huduma za afya ya akili. La pili najua litapingwa, nami nitalitetea. Rasimu zimeambatishwa. Mwenye marekebisho ayapeleke kwa katibu kwa maandishi, na wanaogombea ujumbe wa kamati wachukue fomu kwake huko huko.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti