Asilimia ya kompyuta haimkamati mwizi wa mawazo

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, swali linalotawala kwenye korido za vyuo ni moja: "Umepata ngapi?" Wanafunzi wanaulizana asilimia ya mfanano inayotolewa na programu kama Turnitin. Chuo kikiweka kikomo cha asilimia 20, mwenye 19 anapumua, mwenye 23 anakesha akibadilisha maneno. Sisi tunaofundisha mbinu za utafiti tunaomba nafasi gazetini mwako tuseme wazi kwamba namba hiyo inapima sehemu ndogo tu ya wizi wa kitaaluma, tena ile iliyo rahisi kuonekana. Wizi mkubwa unapita pembeni yake.

Programu hiyo haijui kosa ni nini. Inalinganisha mfululizo wa maneno na hazina yake ya kurasa za intaneti, majarida na kazi za wanafunzi zilizowahi kupakiwa, kisha inapaka rangi panapofanana. Orodha ya marejeo lazima ifanane, kwani kitabu kimoja hutajwa vilevile na kila mtu. Tamko la kurasa za mwanzo, majina marefu ya taasisi na maneno ya kawaida ya sura ya mbinu navyo huhesabiwa. Ndiyo maana mwanafunzi mwaminifu anaweza kufika 24. Kwa upande mwingine, tasnifu ya maneno 15,000 yenye asilimia 5 tu ina maneno 750 yanayofanana na ya wengine. Kama yote yametoka chanzo kimoja, hizo ni karibu kurasa tatu zilizochomolewa nzima nzima, na mwenye nazo anapewa hongera.

Msimamizi afungue ripoti yenyewe. Aondoe kwanza marejeo na nukuu zilizofungwa kwa alama, aondoe na mifanano midogo, tuseme ya chini ya maneno manane, halafu aangalie chanzo kinachoongoza kimechangia kiasi gani na kimekaa wapi. Rangi zilizotawanyika sentensi hadi sentensi kwa kawaida hazina neno. Aya nzima ya rangi moja katika sura ya mjadala ndiyo ya kumwitia mwanafunzi ofisini.

Huyo wa 23 anayekesha anafanya nini? Mara nyingi anazidisha kosa. Chukua sentensi hii ya mfano: "Bei ya mahindi hushuka Julai kwa sababu wakulima wengi huuza kwa wakati mmoja, wakikosa maghala ya kuhifadhia." Yeye ataandika: "Thamani ya mahindi huporomoka mwezi wa saba kwa kuwa wakulima walio wengi huuza kwa pamoja, hawana ghala la kutunzia." Hakuna mfululizo uliobaki wa kupakwa rangi, asilimia imeshuka, lakini mpangilio wa sentensi ni uleule, na hoja, kwamba chanzo ni ukosefu wa maghala, ni ya mtu asiyetajwa. Njia sahihi ni kusoma aya, kufunga kitabu, kuandika ulichoelewa kwa mpangilio wako, kisha kurudi kitabuni kuhakiki. Na hata ukiandika kwa maneno yako kabisa, mwenye hoja atajwe papo hapo, jina na mwaka. Kilichochukuliwa pale ni maelezo ya sababu, wala hayabadiliki kuwa yako kwa kubadilishiwa maneno.

Ndugu wa kosa hilo ni kuazima marejeo. Mtu anasoma makala ya 2015 inayonukuu ripoti ya zamani, naye anaitaja ripoti kana kwamba aliishika mkononi. Dalili yake ni makosa yanayorithiwa: namba ya ukurasa iliyokosewa na mwandishi mmoja inakutwa kwa watano waliofuata. Kuandika kwamba ripoti imenukuliwa na fulani hakumshushi mtu hadhi.

Wizi unaotuuma zaidi sisi tunaoandika kwa Kiswahili ni wa kutafsiri. Makala ya Kiingereza inachukuliwa aya kwa aya, inageuzwa Kiswahili, inatiwa jina jipya. Kwa kuwa programu inalinganisha maneno, mara nyingi tafsiri hupita ikiwa safi kabisa, na mashine za kutafsiri zimeifanya kazi hiyo kuwa ya dakika chache. Kuigundua kunataka jicho la msomaji. Tazama mifano ya mambo yasiyohusiana na mada, vipimo vya maili na paundi ambavyo mwandishi wetu asingevitumia, sentensi zinazobeba muundo wa kigeni, na marejeo ambayo hayana hata kazi moja ya hapa kwetu. Kisha chukua namba au jina adimu lililomo, ulitafute kwa Kiingereza. Chanzo mara nyingi hujitokeza haraka.

Kwamba jicho la mtu linashinda, Ujerumani wameliona. Februari 2011 Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua udaktari Waziri wa Ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, baada ya wasomaji waliojitolea kuilinganisha tasnifu yake na vyanzo ukurasa kwa ukurasa. Tarehe 1 Machi alijiuzulu. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Waziri wa Elimu, Annette Schavan, kwa tasnifu ya 1980. Miaka 33 haikuifuta.

Lakini kuna wizi usioacha hata sentensi ya kulinganisha. Msimamizi anatia jina lake mbele kwenye makala iliyotokana na utafiti wa mwanafunzi. Mkuu wa idara anaongezwa kwa heshima. Kijana aliyechambua takwimu zote hatajwi popote. Hapa kanuni ipo, na majarida mengi ya tiba duniani yanaifuata: mwandishi ni yule aliyetimiza masharti manne kwa pamoja. Awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, au kukusanya, kuchambua au kufasiri takwimu. Awe ameandika rasimu au ameirekebisha kwa kina. Awe ameidhinisha nakala ya mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Kutafuta fedha peke yake, au kuwa bosi wa maabara, kunampeleka mtu kwenye shukrani.

Tunao mfano wetu wa kujivunia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam, ambaye alilipeleka swali lile maabara. Makala ilipotoka mwaka 1969 ilikuwa na majina mawili, la Mpemba likitangulia, na Mpemba akisimulia sehemu yake kwa maneno yake mwenyewe. Osborne ndiye aliyekuwa na cheo na maabara, na angeweza kuandika peke yake. Hakufanya hivyo, na leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Anayeporwa wazo asitegemee mahakama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda namna wazo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Kinga inajengwa kabla ya kazi kuanza: ukurasa mmoja unaosema nani anabuni, nani anakusanya, nani anaandika sura ipi na majina yatafuatana vipi, utumwe kwa barua pepe kwa wote ili tarehe ibaki, na upitiwe upya majukumu yakibadilika. Maofisini, muhtasari wa kikao utaje jina la aliyetoa pendekezo. "Ilipendekezwa kwamba" ndiyo sentensi inayomfutia ofisa wa chini wazo lake, na mwezi unaofuata unalisikia kinywani mwa mkubwa wake.

Vyuo viandike kanuni hii ya majina kwenye mwongozo wa tasnifu, ukurasa uleule wenye kikomo cha asilimia, na mwanafunzi apewe pa kulalamika pasipo chini ya msimamizi wake.

Na kwako, Mhariri, ombi letu ni dogo. Makala za afya, sayansi na michezo zinazotafsiriwa kutoka magazeti ya nje ziandikwe chini ya kichwa jina la mwandishi wa asili, chombo kilichoichapa kwanza na tarehe, halafu jina la mtafsiri. Naye mtafsiri amefanya kazi.

Wahadhiri wa mbinu za utafiti,
Morogoro